Mgongo wa Mama Kui

Elburgon ni mji wa baridi na mbao. Asubuhi ukungu hushuka kutoka msitu wa Mau, na kabla haujaondoka, misumeno ya viwanda huwa tayari inalia. Nyumba ya Mwaura ilikuwa ya mbao, nyuma ya kiwanda kimoja. Mwaura alifanya kazi hapo hapo, kupakia mbao kwenye malori. Mke wake, Wawira, aliuza viazi na kabeji kando ya barabara.

Walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ni Kui, msichana wa miaka minane. Wa pili ni Quincy, mvulana wa miaka mitano. Kwa kuwa Kui ndiye mzaliwa wa kwanza, watu wote walimwita Wawira Mama Kui. Kui alilipenda sana jambo hilo. Mteja akisimama kibandani na kuuliza, "Mama Kui, viazi vya leo ni vya wapi?" Kui alihisi kwamba hata viazi ni vyake kidogo.

Siku zao zilifanana. Kui alinawa uso kwa maji baridi, akanywa uji, akaenda shule. Jioni alimsaidia mama yake kurudisha viazi kwenye magunia. Jumapili wote walienda kanisani. Kui na Quincy waligombana juu ya mto wa kulalia, wakapatana, wakagombana tena. Hapakuwa na jambo la ajabu katika nyumba hiyo.

Kisha Quincy akavunjika mguu.

Ilikuwa Jumamosi. Quincy na wenzake waliingia kiwandani kupitia pengo lililokuwa kwenye ua. Walikuwa wameonywa wasiingie. Waliingia hata hivyo. Quincy akapanda juu ya rundo la mbao ambalo halikuwa limefungwa vizuri. Mbao ziliteleza, naye akaanguka pamoja nazo. Mfupa wa mguu ulivunjika chini ya goti. Mwaura alitupa glavu zake, akamwinua mtoto na kukimbia naye hadi barabarani.

Quincy alipelekwa hospitali kule Nakuru. Daktari aliunyoosha mfupa, akaufunga mguu kwa plasta nyeupe kutoka juu ya goti hadi karibu na vidole. Alisema mtoto asikanyage chini kwa mguu huo, na plasta isiguswe na maji.

Quincy aliporudi nyumbani, Kui alilia kwa huruma. Alimpa ule mto bila kuombwa. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikukaa sana, na sababu yake inajulikana.

Wageni walianza kuja.

Watu wa Elburgon hawamwachi mgonjwa peke yake. Kina mama wa kanisa walileta mkate, ndizi na maziwa. Jirani alileta kuku mzima. Mwingine alileta soda nyekundu. Waliimba, wakamwekea Quincy mikono kichwani, wakamwombea mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliomba kwa kirefu kana kwamba wenzake hawajasema kitu. Baadaye walikunywa chai.

Chai ilipikwa na Kui. Vikombe vilioshwa na Kui. Kuku aliliwa, na Quincy akapewa paja na firigisi. Firigisi ilikuwa ya Kui tangu alipoota meno. Soda nayo iliisha yote kwa Quincy, na Kui akapewa chupa tupu aipeleke nje. Hakuna mgeni aliyegusa kichwa cha Kui, isipokuwa mmoja aliyemsogeza ili apate njia.

"Mama Quincy, pole sana," walisema wageni wakiaga.

Kui alisimama na chupa ya chai mkononi, akingoja mama yake awasahihishe. Wawira hakuwasahihisha. Aliitika tu na kuwashukuru, kwa maana alikuwa amechoka na hakusikia tofauti. Kui aliisikia vizuri.

Lakini jambo lililomuuma kuliko yote lilikuwa mgongo. Quincy hakuweza kutembea, kwa hiyo Wawira alimbeba mgongoni kwa leso. Alimbeba kwenda chooni, kwenda kuota jua, kwenda kibandani. Lilikuwa jambo la kuchekesha kuona mvulana mkubwa hivyo akibebwa, mguu wa plasta umetokeza pembeni kama boriti. Kui hakucheka. Aliukumbuka mgongo huo. Ulikuwa na joto, ulinukia moshi na sabuni, na ukiweka sikio pale uliweza kumsikia Mama akiongea kutoka ndani yake. Kui aliuacha mgongo huo Quincy alipozaliwa, na hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kushuka.

Huo ulikuwa wivu. Kui hakujua kuuita kwa jina lake. Alijua tu kwamba akimwona Quincy pale juu, aligeuza uso na kuacha chakula chake.

Alhamisi moja alikuja Mzee Jonah. Mzee Jonah alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole mwenye sauti nzito, na watoto waliamini chochote alichosema. Aliketi karibu na Quincy na kumshika mkono. Alitaka kumpa moyo.

"Kijana, Mungu anakupenda sana," alisema. "Ndiyo maana alikuchagua wewe upitie haya. Mungu humpa mateso yule anayempenda."

Wawira akasema amina. Kui alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alisimama hapo hadi mkono ukauma. Basi ndivyo ilivyo, aliwaza. Mungu aliwatazama watoto wawili wa nyumba hii, akamchagua mmoja. Kui alikuwa na miguu miwili mizima, na sasa alijua kwa nini.

Wageni walipoondoka alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, na mimi je? Mungu ananipenda?"

"Wewe si uko sawa?" Wawira alisema huku akigeuza ugali. "Shukuru Mungu, mami. Wacha maswali, niletee sahani."

Kui alileta sahani. Jibu alikuwa amelipata, na halikuwa zuri.

Kuanzia siku hiyo alijaribu kuugua. Alisema kichwa kinamuuma. Wawira alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akasema hana joto, akamtuma maji. Kiganja hicho kilikaa kidogo sana. Kui akasimama kwenye mvua, ile mvua ya Elburgon inayoingia hadi mifupani, akitumaini kupata nimonia. Alipata mafua tu, na yalikuwa yameisha kufikia wakati wa chakula cha mchana. Akakwaruza goti lake kwenye ukuta wa shule. Mwalimu alilipaka dawa, na hakuna aliyeleta kuku.

Jumapili ilipofika, Wawira alibaki nyumbani na Quincy. Kui alienda kanisani na baba yake. Kabla hawajatoka, alimuuliza Quincy kwa sauti ya chini ni rundo lipi la mbao alilopanda, na lile pengo la ua liko wapi hasa. Quincy alimweleza yote. Alifurahi kuulizwa kitu kisichohusu maumivu.

Darasa la watoto kanisani lilifundishwa na Jepkemboi. Jepkemboi aliishi nyumba ya tatu kutoka kwa Mwaura. Yeye mwenyewe alikuwa amemuuguza binti yake, Chelimo, kwa miaka mingi kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Wakati huo wa hospitali alijifunza mambo mengi kutoka kwa mchungaji wa wagonjwa, na baadaye alihudhuria mafunzo ya walimu wa watoto mjini Nakuru. Hakuwa mtu wa kukurupuka kusema.

Mwisho wa darasa kila mtoto alisimama na kutaja haja yake ya maombi. Mmoja aliomba mtihani uwe rahisi. Mwingine aliomba ng'ombe wao azae salama. Kui akasimama.

"Naomba Mungu anivunje mguu," alisema.

Watoto walicheka hadi wengine wakaanguka kwenye mabenchi. Jepkemboi hakucheka. Alimtazama Kui, akaona kwamba mtoto hafanyi mchezo. Aliwanyamazisha wengine, akamshika Kui begani na kuomba kwa ajili yake akimtaja kwa jina. Hakuomba mguu uvunjike. Aliomba Kui ajue kwamba anapendwa. Baadaye alimwambia atakuja nyumbani kwao leo leo waongee. Kui aliitikia kwa kichwa. Aliona kwamba hata Ticha amekataa kumwombea alichotaka. Itabidi yeye mwenyewe amsaidie Mungu.

Mwaura alibaki kanisani kwa mkutano wa wanaume. Kui alimwambia anatangulia nyumbani, akaondoka peke yake.

Jepkemboi alipofika kwa Mwaura, alimkuta Wawira akimlisha Quincy kwenye kochi. Kui hakuwa amefika. Jepkemboi aliketi, akamsalimia mgonjwa na kumuuliza kama mguu unawasha ndani ya plasta. Quincy alisema unawasha sana. Waliongea vizuri. Jepkemboi akamwambia, "Nimekuombea kila siku, unajua? Mungu anakupenda, Quincy."

Quincy alivuta blanketi haraka na kuufunika ule mguu mzima, usio na plasta. Aliushikilia kwa mikono miwili.

"Mbona unauficha?" Jepkemboi aliuliza.

Quincy alimtazama mama yake, kisha akamtazama mwalimu.

"Mungu akizidi kunipenda," alisema, "atavunja na huu mwingine?"

Kijiko kilibaki hewani mkononi mwa Wawira. Alikuwa amekaa na mtoto huyu usiku na mchana. Alijua saa za dawa na alijua namna ya kumgeuza asiumie. Hakujua kwamba mtoto anaogopa kupendwa na Mungu.

"Nani alikuambia Mungu alikuvunja mguu?" aliuliza.

"Mzee Jonah. Na wewe ulisema amina."

Wawira alirudisha kijiko kwenye sahani. Jepkemboi alimweleza basi kwa upole kile Kui alichoomba kanisani. Alisema maneno ni yale yale, ila yamewaingia watoto wawili kwa njia mbili. Mmoja anamwogopa Mungu. Mwingine anamwonea ndugu yake wivu, kwa sababu anafikiri yeye hakuchaguliwa.

"Kui yuko wapi?" Wawira aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ameenda kwa mbao," Quincy alisema. "Asubuhi aliniuliza nilipanda wapi."

Wawira aliweka sahani chini na kukimbia. Leso aliiacha kwenye kochi.

Siku ya Jumapili kiwanda kilikuwa kimya. Wawira aliita bawabu amfungulie geti, akapita haraka katikati ya marundo. Alimwona Kui mbele yake, juu kabisa ya rundo, katika nguo yake ya Jumapili. Alikuwa amechuchumaa ukingoni. Mbao za chini yake zilikuwa zimelegea upande mmoja.

Wawira alitaka kupiga kelele. Akajizuia, kwa sababu mtoto angeshtuka. Alisogea polepole hadi chini ya rundo.

"Kui, usisonge. Unafanya nini huko, mami?"

"Nangoja Mungu anivunje mguu," Kui alisema. Alikuwa akilia. "Amekataa. Nilitaka kuruka mwenyewe lakini nimeogopa."

"Ukivunjika mguu utapata nini?"

Kui alifikiri. Angeweza kusema soda. Angeweza kusema kuku, au mikono ya wageni kichwani. Vyote alivitaka.

"Utanibeba," alisema.

Wawira alimtazama kutoka chini. Aliona siku zote hizo, msichana na sinia, msichana na maji, msichana na vikombe. Aliona hasira juu yake mwenyewe na huzuni pia, lakini huu haukuwa wakati wa hayo.

"Basi kuja nikubebe sasa."

"Lakini siumwi."

"Nimesema kuja."

Alimwonyesha pa kukanyaga. Si hapo, hiyo imelegea. Mguu wa kushoto kwenye ubao mnene. Sasa shuka, shika kwa nguvu. Kui alipofika karibu, Wawira alimgeuzia mgongo, akainama, na kumwambia apande. Kui alipanda. Alikuwa mzito, na miguu yake mirefu ilimgonga mama yake magotini. Wawira aliifunga mikono nyuma mahali ambapo leso ingekuwa, akaanza kutembea.

Bawabu aliwaona wakija akashtuka.

"Mama Kui, kwani msichana ameumia?"

"Hapana," Wawira alisema bila kusimama. "Ni mzima kabisa."

Kui alikuwa ameweka sikio lake pale mgongoni. Maneno hayo aliyasikia kutoka ndani.

Walipofika nyumbani, Mwaura alikuwa amerudi na Jepkemboi alikuwa amemweleza. Mwaura alimtazama binti yake juu ya mgongo, wala hakugomba. Alimshusha, akamketisha kwenye kochi karibu na Quincy. Wote watano walikaa pamoja. Jepkemboi aliwaambia wazazi kwamba watoto hawawezi kuachwa wajibu swali hili peke yao, na akaomba ruhusa aanze yeye.

"Quincy, mguu ulivunjika vipi?" aliuliza. "Niambie vile ilifanyika tu."

"Nilipanda mbao. Zikateleza."

"Mungu alizisukuma?"

Quincy alifikiri sana. "Hapana. Hazikuwa zimefungwa."

"Basi hiyo ndiyo sababu. Hazikuwa zimefungwa, na wewe hukusikia ulivyoambiwa usiende huko. Lakini hata hiyo si adhabu ya Mungu. Mbao zilizolegea humwangusha yeyote aliye juu yake, mwema au mbaya. Sasa niambie, ulipoanguka, nani alikuja?"

"Baba."

"Alikuja akitembea?"

"Alikuja mbio. Alikuwa analia."

Mwaura aliangalia dirishani. Hakuwa amejua kwamba mtoto aliona.

"Mungu yuko hivyo," Jepkemboi alisema. "Si yule aliyesukuma mbao. Ni yule anayekuja mbio. Yesu alipowakuta watu wanalia kaburini kwa rafiki yake, hakuwaambia wamechaguliwa. Alilia nao kwanza."

Kui aliuliza kwa nini basi Mungu hakuzuia mbao zisianguke. Lilikuwa swali gumu, na Wawira alitaka kumnyamazisha. Jepkemboi alimzuia kwa mkono.

"Sijui, Kui. Nilimuuliza Mungu swali hilo kila siku Chelimo akiwa mgonjwa. Kuna mambo hata watu wazima hatujui, na si dhambi kusema hatujui. Ninachojua ni hiki. Daktari aliunyoosha ule mfupa tu. Hakuugundisha kwa gundi. Saa hii tukiongea, ndani ya hiyo plasta, mfupa unajiunga wenyewe polepole. Nani aliufundisha?"

Quincy aliitazama plasta yake kana kwamba anaiona mara ya kwanza. Akaiinamia ili asikie.

"Ni Mungu?"

"Ni Mungu. Anaponya kwa kupitia mfupa wenyewe, daktari, dawa, maziwa unayokunywa na mama anayekubeba. Mara nyingine uponyaji huwa wa haraka. Mara nyingi huwa wa polepole. Kuna wagonjwa ambao hawaponi hapa duniani, na hao pia Mungu hawaachi. Ugonjwa si kipimo cha nani anapendwa."

Kisha alimgeukia Kui. Alimuuliza kama anakumbuka habari ya Yesu kuletewa watoto, akawakumbatia na kuwabariki. Kui alikumbuka. Walikuwa wameicheza kanisani.

"Wale watoto walikuwa wanaumwa na nini?" Jepkemboi aliuliza.

Kui alifungua mdomo ajibu. Akaufunga. Alitafuta katika kichwa chake chote.

"Hawakuwa wanaumwa."

"Hawakuwa na plasta?"

"Hapana. Walikuwa watoto tu."

"Na aliwakumbatia?"

Kui aliitikia kwa kichwa. Alianza kulia, lakini kilio hiki hakikuwa kile cha kwenye rundo. Wawira alimvuta karibu. Kui alisema kwa kwikwi kwamba alimwonea Quincy wivu, kwamba hata jina la Mama lilichukuliwa, na firigisi pia. Mwaura alikohoa ili asicheke. Quincy alisema yeye ndiye alikuwa na wivu. Kila siku alimwona Kui akitoka mlangoni mbio kwenda shule, naye amelala tu kama gunia. Kui alimtazama kwa mshangao. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwenye soda anaweza kumwonea wivu mtu mwenye vikombe vya kuosha.

Jepkemboi alipoondoka, Wawira alimsindikiza. Njiani alimuuliza afanye nini sasa. Jepkemboi alimwambia asimlaumu mtoto kwa wivu, wala asimwambie kwamba ni dhambi na kumnyamazisha. Ampe tu muda wake kila siku, hata kama ni mfupi, muda usiohusu mgonjwa wala kazi. Amweleze ukweli kwa maneno madogo. Na asimfanye mtumishi wa wageni.

"Mtoto mzima pia anaumia nyumbani kukiwa na mgonjwa," Jepkemboi alisema. "Ila yeye hana plasta ya kuonyesha watu."

Mambo yalibadilika katika nyumba ya Mwaura, si yote kwa siku moja. Mwaura alirudi kiwandani akamwambia msimamizi kuhusu mbao zilizolegea na pengo la ua. Mbao zilifungwa na pengo likazibwa. Jioni, Mwaura alimbeba Quincy kutoka kibandani, na Wawira na Kui wakabaki wawili wakipanga viazi na kuongea. Siku nyingine hawakuongea, walikula tu karanga. Wageni walipokuja, vikombe vilioshwa na yeyote aliyekuwa karibu, na mara moja vilioshwa na Mwaura mwenyewe, jambo lililozungumzwa mtaani kwa muda. Mtu aliposema Mama Quincy, Wawira alicheka na kusema, "Mimi ni Mama Kui. Quincy alinikuta nikiitwa hivyo."

Jepkemboi alienda pia kwa Mzee Jonah. Mzee hakukasirika. Alisema alitaka tu kumpa kijana moyo na kwamba maneno hayo aliambiwa yeye akiwa mtoto. Alhamisi iliyofuata alikuja tena. Hakusema Quincy amechaguliwa. Alimuuliza inauma wapi, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na dada yako yuko wapi?" Kui aliitwa. Mzee Jonah aliweka mkono mmoja kwenye kichwa cha Quincy na mwingine kwenye kichwa cha Kui, akawaombea wote wawili. Alikuwa ameleta soda mbili.

Wivu haukwisha kabisa. Siku moja kuku alipochinjwa, Kui aliitazama ile firigisi kwa jicho kali sana. Wawira aliikata katikati.

Mwishowe siku ya kutoa plasta ilifika. Familia yote ilienda Nakuru. Daktari alikata plasta, na ndani yake ukatoka mguu mwembamba, wenye ngozi kavu. Quincy aliuona akaogopa. Daktari alisema mfupa umeunga vizuri, lakini misuli imelala na lazima iamshwe kidogo kidogo. Atembee hatua chache kila siku, apumzike, aongeze.

Kui ndiye aliyechukua kazi hiyo, na hakuna aliyemtuma. Kila jioni alimshika Quincy mkono wakatembea uani. Quincy akichoka, Kui alimgeuzia mgongo, akainama, na kumwambia apande. Alimrudisha nyumbani akipepesuka, wote wawili wakicheka.

Jumapili moja darasa la watoto lilifika wakati wa maombi. Jepkemboi aliuliza nani ana haja. Kui alisimama, na watoto wengine wakaanza kutazamana, tayari kucheka kabla hajasema.

"Naomba Mungu aupe mguu wa Quincy nguvu haraka," Kui alisema. "Amekuwa mzito sana, na mimi pia nataka kubebwa."

Watoto walicheka. Kui pia alicheka. Nje ya dirisha Wawira alikuwa amesimama akiwangoja watoto wake, na aliyasikia yote. Ibada ilipoisha na Kui akatoka mlangoni, alimkuta mama yake ameshainama.

"Panda," Mama Kui alisema.